Mlango Kwanza, Kioo Baadaye

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nami sina tena pa kuwahi, kisha mkaniomba niwaandikie maneno machache juu ya kazi yetu. Basi nimekaa barazani kwangu Chukwani na kalamu. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa siviandiki. Vimo kwenye faili, na faili sote tunajua halisomwi na mtu. Nitawaandikia habari za ule mlango wa chumba cha matibabu, kwa sababu wengi wenu mmeukuta ukifungika vizuri mkadhani siku zote ulikuwa hivyo.

Niliingia kazini nikiwa msichana wa Kikwajuni, mikono midogo, maneno mengi. Kliniki ilikuwa hapo hapo mlipo, nyuma ya Darajani: chumba kimoja cha kutibia, benchi refu ukumbini, na dirisha la mapokezi mbele ya benchi. Kiti cha mgonjwa kilipandishwa kwa kukanyaga pedali. Ukikanyaga sana, mgonjwa anapaa mpaka unamtibu umesimama kwa ncha za vidole vya miguu. Ukimsahau, anashuka mwenyewe polepole na koleo liko mdomoni. Vifaa tulivichemsha wenyewe, na sindano ya ganzi ilikuwa nene kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa wakiiona tu jino linaacha kuuma, wanaaga na kwenda zao.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Seif, tabibu mzee wa Mji Mkongwe, mtu wa asili ya Kiarabu. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye, kama alivyopenda kusema, alirithi harufu tu. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwetu. Siku yangu ya kwanza nilimtia kidole mdomoni mzee mmoja muuza samaki bila ya kumwambia nafanya nini, naye akaking'ata mpaka nikaita mama yangu. Bwana Seif alicheka hadi miwani ikamtoka.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Tabibu ambaye hajang'atwa bado yuko chuoni."

Halafu akanipa kanuni yake moja, aliyoirudia kila asubuhi kama mtu anayesoma uradi. Mlango kwanza, kioo baadaye. Alifunga mlango, akavuta kibao, akakaa chini kuliko mgonjwa, akauliza maswali yake. Kile kioo kidogo cha kuangalia kinywani hakukigusa mpaka amalize. Nilimwambia naona anapoteza wakati.

"Kinywa kikishafunguliwa hakisemi," alinijibu. "Na mlango ukiwa wazi, kinasema uongo. Wewe uliza kwanza."

Bwana Seif alistaafu, kisha akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Masika moja ule mlango ukanyonya maji, ukavimba, ukakataa kufungika. Tukaandika uletewe fundi, hakuja. Feni nayo ikaharibika, tukaona bora mlango ubaki wazi tupate upepo. Ikawa hivyo miaka mingi, na sisi tukazoea, na benchi la nje likazoea kusikia kila kinachosemwa ndani.

Sasa niwaambie juu ya waja wazito, maana ndio walionisumbua kuliko wagonjwa wote. Walikuwa na usemi wao: kila mtoto na jino lake. Yaani mwanamke akizaa, akubali kupoteza jino, ndio ada. Ukimwambia si lazima, anakutazama kwa huruma kama unayetaka kubishana na bahari. Na wakiogopa kung'olewa jino wakiwa wazito, wakisema koleo litavuta vyote viwili, jino na mimba. Matokeo yake walikaa na majino mabovu mpaka mashavu yanavimba. Wanangu, hili msichoke kulieleza: koleo haliharibu mimba, ganzi tunayoitumia haina neno, lakini usaha ukiachwa ndani ya taya ni hatari kwa mama na kwa alichonacho. Na anayetapika asubuhi asikimbilie mswaki. Asukutue kwa maji kwanza, apumzike, kwa kuwa ile tindikali imeshalainisha meno. Ndimu na embe mbichi za chumvi hutamzuia, usijisumbue. Mwambie asukutue baada ya hizo pia.

Lakini kubwa zaidi ni siri. Kwetu mimba changa haitangazwi. Jicho lina nguvu, na midomo ya watu ina nguvu zaidi. Mwanamke hunyamaza mpaka tumbo lijiseme lenyewe, na hata hapo wengine hulibishia.

Ndipo ikaja bima. Mfuko wenyewe siutaji. Kwa mwanachama wa kawaida kadi ililipia kung'oa na kuziba, basi. Lakini mja mzito aliongezewa: kusafishwa ufizi, kutibiwa mzizi wa jino ili lisitoke, na kuonwa tena na tena mpaka ajifungue. Nilipousoma waraka ule niliukumbatia, nasema kweli. Nikasafisha vyombo, nikaomba dawa za mizizi, nikawaambia wenzangu wajiandae, wanawake watafurika.

Hakuja hata mmoja. Yaani walikuja, matumbo tuliyaona, lakini kwenye mashine ya kadi waja wazito hawakuwemo. Maana sharti lilikuwa hili: mgonjwa aulizwe dirishani, kabla hajaingia. Akisema ndiyo, kadi inafungua nyongeza ile. Akisema hapana, inaifunga, na haifunguki mpaka alete kadi ya kliniki ya wajawazito, ambayo mwenye mimba ya kuficha hajaichukua bado. Na dirishani alikaa Bi Zuhura, mwanamke mwema, ambaye Mungu alimjaalia sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mkondo.

"Mja mzito, si mja mzito?" aliuliza kwenye kile kitundu cha kioo, na benchi zima likaacha kunong'ona ili lisikie jibu.

Nani angejibu ndiyo? Baada ya muda tukapata habari kwamba ofisi ya bima inafikiria kuiondoa huduma ile, kwa kuwa waja wazito wa Unguja wameonekana hawaihitaji. Nilikasirika nikashindwa kumaliza chai yangu.

Wakati huo huo akaja Kazija. Alikuwa kijana wa Jambiani, mumewe akifanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja ya huko, na kadi waliipata kwa kazi ile. Shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa. Aliletwa na mkwewe, Bi Mwatima, mwanamke mrefu aliyeshika mkoba kifuani kama aliyekuja kutoa ushahidi. Mlango wangu uko wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mja mzito, si mja mzito?" Bi Zuhura aliuliza.

Kazija hakuwahi kufungua kinywa. Mkwewe alimdakia kwa sauti iliyofika Darajani.

"Hana kitu! Ana jino tu!"

Nikamwona bibi yule ni mlinzi wa jela. Kazija akaingia peke yake, akakaa kitini, akashika ncha za buibui lake. Nilichukua kioo nikamwangalia. Gego la chini limeoza hadi ndani, usaha upo. Lakini pembeni ufizi ulikuwa mwekundu umetoka kivimbe, kama inavyowatokea wenye mimba, na katikati ya meno ya mbele umenasa udongo. Udongo hasa, mwekundu, wa kutafunwa.

Bwana Seif angenitia kofi. Nilikuwa nimeanza na kioo.

Nikakiweka chini. Nikaenda kuusukuma ule mlango kwa bega mpaka ukakubali kusogea, nikauzuia na ndoo ya maji. Nikavuta kibao nikakaa chini yake.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Una mzigo?"

Akaanza kulia. Alilia bila ya sauti, na shavu lile lilivyomuuma kila alipokunja uso ilikuwa kumtesa mara mbili. Akaniambia alishapata mimba mara mbili, zote alitangaza furaha yake mapema, zote zikatoka. Safari hii yeye na mumewe wameapa asijue mtu mpaka mtoto acheze tumboni.

"Hata mama mkwe hajui," alisema. "Yeye ndiye alofurahi kuliko sote, na ndiye alolia kuliko sote. Siwezi kumliza tena. Na hili jino usiling'oe, Daktari, nakuomba. Nnaogopa."

Nilimweleza habari za koleo na usaha kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikia kwa masikio, moyo ukabaki pale pale. Na kweli jino lenyewe lilikuwa la kutibika: mizizi mizima, ufizi umelishika. Kumng'oa mtu gego linalotibika kwa sababu ya swali la dirishani ni kazi ya fundi seremala, si yangu. Nikampa ganzi, nikalitoboa, usaha ukatoka, akashusha pumzi ndefu. Usaha hausubiri bima. Nikalitia dawa ya muda na kulifunika, nikamwambia kifuniko hiki hakikai sana, kikitoka kabla hatujatibu mizizi uvimbe utarudi, na hapo nitalazimika kung'oa. Aliitikia kwa kichwa.

Nikaenda kwa Bi Zuhura, nikaingia ndani ya kibanda chake, nikamnong'oneza sikioni. Alitaka kusema "Kumbe!" nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Halafu akaniambia kwa kunong'ona, na sikujua kama anaweza, kwamba jibu limeshaingia, mashine haibadiliki. Na bei ya kutibu mizizi bila ya kadi, mshahara wa dobi hauifikii.

Asubuhi ya pili nilipiga simu ofisi ya bima. Aliyepokea ni kijana anaitwa Haji, mwenye adabu zake. Alinisikiliza, akaniambia kanuni ni kuuliza, na watu wanaulizwa, sasa yeye afanye nini? Sikubishana naye.

"Njoo ukae kwenye benchi letu asubuhi moja," nilimwambia. "Usiseme wewe nani. Kaa tu."

Akaja, Mungu ambariki. Wanawake walimpisha katikati, wakadhani anaumwa na jino. Huyu anamwambia aweke karafuu, yule anamwambia maji ya chumvi, mwengine anataka kumwona ulimi. Na Bi Zuhura anauliza kama kawaida, na wanawake wanajibu kama kawaida. Sina. Hapana. Mimi? Hadi akaja mmoja ambaye tumbo lake lilifika dirishani kabla yake, zimebaki wiki chache tu ajifungue.

"Mja mzito, si mja mzito?"

"Mie?" alisema bila ya kupepesa. "Mie mnene tu."

Bi Zuhura akamtazama, akalitazama tumbo, akaandika hapana. Haji akainama akijifanya jino limemshika. Alipoingia chumbani kwangu machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka.

"Bi Salma, na sisi ofisini tunaandika kwamba wana meno mazima!" Kisha akatulia. "Mke wangu mwenyewe alinificha mimi. Nlijua kwa vile alivyoichukia sabuni."

Hapo Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema maneno yaliyomaliza kazi, nami nayaandika ili asije mtu akanipa mimi sifa zote.

"Niondosheeni swali hili dirishani. Silipendi tangu siku ya kwanza. Mie nlipokuwa na wangu wa mwisho, watu wote nliwambia nna gesi. Aulize Bi Salma huko ndani. Akishajua, aniambie 'kaonwa', nami ntabonyeza. Nani atajua maana yake?"

Haji akaondoka na maneno hayo. Wakubwa zake walitaka maelezo, na maelezo ya maelezo, na mimi nikawa nawapigia simu kila siku mpaka wakaijua sauti yangu kabla sijasema shikamoo. Nikaona nisikae bure. Nikamwita fundi kutoka Darajani aje aupige randa ule mlango.

"Daktari," aliniuliza huku akikusanya maranda, "mnafunga ili watu wasisikie wagonjwa wakilia?"

"Tunafunga ili niwasikie mimi wakisema," nilimjibu. Alinitazama kwa mashaka akaendelea na kazi yake. Mlango ukafungika, tak, kama siku za Bwana Seif.

Kazija akarudi kabla ya jibu. Kifuniko kimetoka, kwa ule udongo wake bila ya shaka, na shavu limeanza tena kujaa. Bi Mwatima akabaki nje kwenye benchi na mkoba wake. Nikaufunga mlango. Nikamwangalia, nikajua leo ni leo: ama nitibu mizizi leo, ama ling'oke leo. Koleo lilikuwa limeshachemshwa, liko kwenye sinia, na Kazija aliliona.

"Basi ling'oe," alisema. Alikuwa akitetemeka mpaka kiti kikilia. "Kama ndivyo ling'oe, nshachoka. Lakini niombee."

Nilijua kumng'oa hakutamdhuru. Nilijua pia kwamba ikitokea lolote mwezi huo, hata kwa sababu nyingine kabisa, atajilaumu maisha yake yote, na hakuna mwanamke wa Jambiani atakayekanyaga tena kliniki ya meno akiwa mzito. Nilishika sindano ya ganzi. Hapo mlango ukagongwa, taratibu, kwa kucha. Ni Bi Zuhura. Aliingiza uso tu.

"Bi Salma," alisema kwa sauti ya mtu anayelaza mtoto, "kaonwa?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa, nikalifunika koleo kwa kitambaa.

"Kaonwa," nilisema.

"Basi kadi imekubali. Haji kapiga simu sasa hivi. Wamekubali yote."

Nilitaka kupiga kigelegele. Nilikimeza, kwa sababu ya yule bibi wa nje, na kilinikaa kooni muda wote nilipokuwa nikisafisha mizizi ile, mmoja baada ya mmoja, kwa visindano vyembamba, na Kazija amefumba macho. Nimeng'oa meno mengi katika maisha yangu. Sijawahi kujivunia jino kama lile lililobaki mahali pake. Alirudi tena na tena mpaka tukalimaliza na kuliziba, kadi ikikubali kila safari, na kila safari mkwewe yuko kwenye benchi.

Baada ya hapo walianza kuja. Walikuja wa Makunduchi na wa mjini, wenye matumbo na wasio nayo bado, wakaingia, mlango ukafungwa, wakasema. Bi Zuhura alibonyeza mashine yake siku nzima, dirishani akiuliza jina na kadi tu. Habari ya kuiondoa huduma ile haikusikika tena. Yule mnene naye alikuja baada ya kujifungua, akaniambia amepungua.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa nikipanga vyombo ili niwakabidhi. Mlango ukagongwa. Wakaingia Kazija na Bi Mwatima, na mtoto mgongoni mwa bibi yake, mtoto wa kike mwenye mashavu. Wamekuja kutoka Jambiani kwa ajili ya kunionyesha jino. Lilikuwa limechomoza usiku wa kuamkia jana, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

"La chini," Bi Mwatima alisema kwa fahari, akimfungua mtoto mgongoni. Mnajua wazee wetu wanavyoogopa jino la kwanza likianzia juu. "La chini, alhamdulillahi. Nikasema wa kwanza kuliona awe Bi Salma."

Nikakaa kwenye kibao nikampakata. Bi Mwatima akaufunga mlango mwenyewe.

"Nami nna neno langu," alisema. "Siku ile ya kwanza, uliponifungia mlango kwa ndoo. Mtu hafungi mlango kwa ndoo kwa ajili ya jino. Lakini nlikuwa nshajua kabla. Mwezi mzima ukuta wa udongo wa jiko langu ukiliwa. Kila nikiamka naona shimo limeongezeka, nikajisemea, panya hawa wana meno makubwa."

Kazija aliweka mkono mdomoni.

"Mama! Ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ulitaka nisijue, na mie nikawa sijui." Akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Na pale dirishani, yule bibi alipouliza mbele za watu, nlimjibia upesi mie. Nlisema, uongo huu bora niubebe mie mtu mzima. Yeye ana kiumbe tumboni, asiape uongo juu yake."

Kazija alimkumbatia kiunoni akalia kwa sauti, safari hii shavu zima, na Bi Mwatima akampiga piga mgongo akisema nyamaza, nyamaza, utamtisha mtoto. Nami niliyemwita mlinzi wa jela nilibaki nimempakata mjukuu wake. Zile safari zote alikaa kwenye lile benchi akilinda siri ambayo mwenyewe alifichwa.

Ule utaratibu nikaufuata hata kwa mtoto. Mlango umefungwa. Nikamwuliza hali, akanijibu kwa mapovu. Kioo sikukihitaji, nikanawa, nikapitisha kidole kwenye ufizi wa chini kulitafuta lile jino. Nililipata. Naye akaking'ata.

Aliking'ata barabara, kwa jino lake moja lote, akanitazama. Nje dirishani Bi Zuhura akauliza kwa ile sauti yake ya zamani kuna nini huko ndani. Sikuwa na sababu ya kumeza tena. Nilipiga kile kigelegele, Bi Mwatima akakipokea, benchi likaitikia bila ya kujua sababu, na kidole changu kilikuwa bado kimo kinywani mwa mtoto.